Kuvaa, Kufunga, Kuzongoa: Uhakiki wa Sanaa ya Kufunga Sari na Nafasi ya Vitenzi vya Kiswahili katika Kuieleza

Ikisiri

Makala haya yanahakiki sanaa ya kufunga sari ya Kihindi kwa kuitazama kama tendo lenye kanuni zake. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya maana ya sari hukaa katika namna nguo inavyofungwa mwilini, na kwamba mhakiki au mfasiri wa Kiswahili anayetosheka na kitenzi vaa huipoteza maana hiyo. Data zimetokana na tafiti zilizochapishwa kuhusu mitindo ya sari na matini mbili za kifasihi: tukio la Draupadi katika Mahabharata na hadithi fupi ya Mahasweta Devi yenye jina hilohilo. Makala yanaonesha kwamba Kiswahili kina hazina ya kutosha ya msamiati wa nguo isiyoshonwa, hususani vitenzi vyenye jozi katika kauli ya kutendua, na kwamba hazina hiyo ni nyenzo ya uhakiki na pia ya tafsiri. Aidha, yanajadili jinsi mtindo mmoja, Nivi, ulivyopata hadhi ya usanifu na yale yaliyopotea katika mchakato huo.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, katika darasa la tafsiri ya fasihi, niliwapa wanafunzi wa uzamili kifungu kifupi cha Kiingereza kilichosimulia mkasa wa Draupadi, malkia wa Mahabharata, ambaye mumewe alimpoteza katika mchezo wa dadu na ambaye aliburutwa hadi barazani ili avuliwe nguo mbele ya wakuu. Karibu wanafunzi wote waliandika kwamba Dushasana "alimvua Draupadi nguo". Wawili waliandika "alimvua gauni". Kisarufi sentensi zao hazikuwa na dosari. Hata hivyo, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: kama alikwisha kumvua, muujiza uko wapi? Na kama hakumvua, kwa nini tumeandika kwamba alimvua?

Sikuwa na jibu la kuridhisha siku ile. Nilisema kwamba tatizo ni la njeo, kwamba pengine tungeandika "alijaribu kumvua". Baadaye nilitambua kwamba nilikosea mahali pa kutafuta. Tatizo halikuwa katika njeo. Lilikuwa katika mzizi wa kitenzi. Kuvua ni kutendua kuvaa, na kuvaa, katika mazoea yetu ya leo, ni kuingiza mwili ndani ya nguo iliyokwisha kupewa umbo na fundi cherehani. Vazi la Draupadi halikuwa la aina hiyo. Lilikuwa kipande kimoja cha nguo kilichozungushwa mwilini, na anayekishambulia hana budi kukizongoa, mzunguko baada ya mzunguko. Muujiza wa tukio lile umo katika mizunguko hiyo kutokwisha.

Kosa la darasa langu ni sehemu ya mazoea mapana zaidi. Fasili iliyozoeleka ya sari katika Kiswahili ni "vazi la wanawake wa Kihindi". Fasili hiyo inataja mvaaji na inaacha tendo. Nayo mijadala mingi kuhusu sari hushughulikia zaidi uzi, rangi, nakshi na bei: hariri ya Kanchipuram, nyuzi za dhahabu za Varanasi, ufumaji wa Patan. Haya ni mambo ya maana, lakini yanahusu nguo ikiwa imekunjwa dukani. Makala haya yanauliza swali la hatua inayofuata: mwanamke anapoichukua nguo ile na kuifunga, anasema nini, na sisi tuna maneno gani ya kumfuata?

2.0 Mkabala

Wazo la kulichunguza vazi kwa zana za isimu si geni. Petr Bogatyrev, katika kazi yake ya mwaka 1937 kuhusu mavazi ya jadi ya Moravia, alionesha kwamba vazi moja hubeba kazi nyingi kwa wakati mmoja na kwamba jamii hujua kuzipanga kazi hizo. Roland Barthes aliendeleza wazo la vazi kama mfumo wa ishara katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu mitindo. Hata hivyo, Barthes alichambua zaidi vazi lililoandikwa, yaani maelezo ya mavazi katika majarida. Kwa sari, mkabala huo una kikomo, kwa kuwa sari ambayo haijafungwa bado haina umbo la kuelezwa.

Kwa sababu hiyo ninaongeza wazo la Marcel Mauss, aliyetoa mhadhara mwaka 1934 kuhusu mbinu za mwili. Mauss alisisitiza kwamba hata kutembea na kuogelea ni matendo yanayofunzwa na yanayotofautiana baina ya jamii. Kufunga sari ni mbinu ya mwili kwa maana hiyo. Msichana hujifunza kwa mama, dada au shangazi, kwa kuona na kwa kusahihishwa, na mkono huizoea kazi kabla ya mdomo kuweza kuieleza.

Ni lazima nitoe tahadhari mapema. Vazi si lugha kamili. Mtu hawezi kwa sari kukanusha sentensi wala kusimulia yaliyotokea jana. Ninapotumia neno "sarufi" hapa ninakusudia mambo matatu tu: kuna viambajengo vinavyotambulika, kuna mpangilio ambao mjuzi hatauvunja bila kujua anauvunja, na kuna machaguo yanayotofautisha maana. Nje ya hayo matatu sidai chochote.

3.0 Viambajengo vya Sari na Msamiati Wake katika Kiswahili

Neno sari lina asili yake katika neno la Kisanskriti shati au shatika, lenye maana ya kipande kirefu cha nguo. Sari iliyozoeleka leo ina urefu wa takribani meta tano na nusu. Zipo fupi zaidi, na ipo ya yadi tisa, takribani meta nane. Nguo yenyewe ina sehemu tatu: pindo zinazokwenda urefu wote juu na chini, eneo la katikati, na ncha moja iliyopambwa zaidi ambayo huitwa palu. Msomaji anayeijua kanga ataona mara moja kwamba anazo istilahi mbili kati ya hizo tatu, yaani pindo na mji. Kwa palu ninapendekeza tutumie "ncha" katika maelezo ya jumla, na tuitumie palu yenyewe pale ambapo matini inahitaji istilahi mahususi.

Hebu tufuatilie ufungaji wa Nivi, mtindo ulioenea zaidi. Mwanamke huvaa kwanza gaguro na blauzi fupi iitwayo choli. Huanza upande wa kulia wa kiuno kwa kufutika ncha ya ndani katika gaguro, kisha huizungusha nguo mara moja kuelekea kushoto, nyuma, hadi irudi mbele. Hapo hupiga marinda kwa vidole, kwa kawaida matano hadi saba, huyalinganisha, huyafutika kiunoni chini ya kitovu yakiangalia kushoto. Sehemu iliyobaki huzungushwa tena nyuma, hupita chini ya mkono wa kulia, hukatiza kifua na kutupwa juu ya bega la kushoto. Akitaka kufunika kichwa, huivuta ncha hiyo na kupiga ushungi. Akitaka kufanya kazi nzito, huizungusha kiunoni na kuifutika.

Katika aya hiyo moja nimetumia futika, zungusha, piga marinda, katiza, tupa na piga ushungi. Hakuna hata neno moja nililolazimika kulibuni. Gaguro lenyewe lina sura inayolikaribia sana neno la Kigujarati ghagro, ushahidi kwamba msamiati wetu wa nguo umekwisha kukutana na ule wa Bahari ya Hindi kwa karne nyingi. Wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki nao wameishi na nguo isiyoshonwa: kaniki, kisutu, leso na kanga. Ndiyo maana Kiswahili kinatofautisha kuvaa, kujifunga, kujitanda na kujitupia, tofauti ambazo lugha zilizozoea nguo za kushonwa hulazimika kuzieleza kwa maneno mengi.

Kuna jambo la kimofolojia linalostahili kusisitizwa. Vitenzi vingi vya uwanja huu vina jozi katika kauli ya kutendua: funga na fungua, kunja na kunjua, zonga na zongoa, vaa na vua. Jozi hizi hazilingani kisemantiki. Vua hutaja matokeo. Inatosha kwamba nguo haipo tena mwilini. Zongoa hutaja njia. Kuna kitu kilichozungushwa, nacho kinarudishwa kwa kufuata mizunguko yake. Kunjua huhifadhi wazo kwamba nguo inabaki nzima baada ya tendo. Tutaona katika sehemu ya sita kwamba tofauti hizi zinaamua kama tukio la kifasihi litaeleweka au halitaeleweka.

4.0 Mitindo kama Lahaja

Watafiti wawili wamefanya kazi kubwa ya kukusanya mitindo ya ufungaji. Chantal Boulanger alichapisha mwaka 1997 mwongozo wenye michoro ambamo aliipanga mitindo katika familia kwa kuangalia hatua za ufungaji. Rta Kapur Chishti, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu sari za India, aliorodhesha mitindo 108. Kwa mwanaisimu, kazi hizi zinakumbusha atlasi za lahaja: zinahifadhi yale ambayo pengine yangepotea pamoja na bibi wa mwisho anayeyajua.

Mifano michache inatosha kuonesha upana wa tofauti. Katika Maharashtra, sari ya yadi tisa, yaani nauvari, hufungwa bila gaguro. Nguo hufungwa fundo kiunoni, marinda hupitishwa katikati ya miguu na kufutikwa nyuma. Kiswahili kina jina la tendo hili: kupiga uwinda. Matokeo yake ni vazi linaloruhusu hatua ndefu, na si ajabu kwamba wavaaji wake wanajumuisha wanawake wa mashambani, wauza samaki wa jamii ya Koli na wachezaji wa ngoma ya lavani. Katika Gujarat, ncha huletwa kutoka nyuma hadi mbele juu ya bega la kulia, hivyo nakshi ya palu hutandazwa kifuani badala ya kuning'inia mgongoni. Kwa kuwa familia nyingi za Afrika Mashariki zenye asili ya Kihindi zilitoka Gujarat na Kutch, huu ni mtindo ambao wakazi wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam wameuona arusini hata kama hawajui jina lake. Katika Kodagu, kusini-magharibi mwa India, marinda hukaa nyuma. Katika Bengal, ufungaji wa zamani wa nyumbani haukuwa na marinda membamba ya mbele. Nguo ilirudishwa kwa mapana upande hadi upande, na kwenye pembe ya ncha bibi mwenye nyumba alifunga kitita cha funguo.

Mfano unaonivutia zaidi kama mwanaisimu unatoka Tamil Nadu. Wanawake wa Kibrahmini huko hufunga mtindo wa yadi tisa uitwao madisari. Kuna makundi mawili, Iyer na Iyengar, yanayotofautiana katika mapokeo ya ibada. Kwa Iyer, ncha hupita juu ya bega la kulia. Kwa Iyengar, hupita juu ya bega la kushoto. Nguo inaweza kuwa ileile, kutoka kwa mfumaji yuleyule, yenye rangi ileile. Bega peke yake ndilo linalotofautisha. Katika fonolojia tungesema tumepata jozi pambanuzi. Anayechunguza kitambaa tu hataiona tofauti hiyo kamwe.

Ushahidi mzito zaidi kwamba maana iko katika ufungaji unatoka katika historia ya Travancore, kusini mwa India. Huko, katika karne ya kumi na tisa, wanawake wa tabaka la Nadar walikatazwa kufunika vifua vyao kama walivyofanya wanawake wa matabaka ya juu. Baada ya migogoro ya miongo kadhaa, tangazo la mwaka 1859 liliwaruhusu kufunika kifua, lakini kwa sharti kwamba wasifunike kwa namna ya wanawake wa tabaka la juu. Tulitafakari sharti hilo. Watawala hawakuogopa nguo. Waliogopa namna ya kuitanda, kwa kuwa namna hiyo ilitaja daraja la mtu. Ni vigumu kupata kielelezo dhahiri zaidi cha sarufi iliyolindwa na dola.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na mkabala wa orodha. Orodha ya mitindo 108 inatupa umbo la kila mtindo, lakini haitoshi kutuambia nani aliruhusiwa kuufunga, nani alikatazwa, na nini kilimpata aliyevuka mpaka. Mkusanyaji wa lahaja anayeandika matamshi bila wasemaji anafanya nusu ya kazi.

5.0 Usanifishaji wa Nivi

Swali la kihistoria linafuata: ilikuwaje mtindo mmoja kati ya mingi ukawa "sari" kwa jumla? Nivi unahusishwa na Andhra na nyanda za Deccan, na jina lake linatokana na neno la Kisanskriti la fundo la nguo kiunoni. Kuenea kwake kuna sababu kadhaa, na watu wawili wa karne ya kumi na tisa hutajwa mara nyingi.

Wa kwanza ni Jnanadanandini Devi (1850–1941) wa familia ya Tagore huko Kolkata. Mumewe, Satyendranath Tagore, alikuwa Mhindi wa kwanza kuingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni wa ngazi ya juu, na katika miaka ya 1860 alipangiwa kazi upande wa Bombay. Ufungaji wa nyumbani wa Bengal, ambao haukuwa na blauzi wala gaguro, haukufaa kwa mikutano ya hadharani. Jnanadanandini aliutazama mtindo wa wanawake wa Kiparsi, akaurekebisha, ncha akaipitisha bega la kushoto, akaongeza blauzi na gaguro. Wanawake wa jumuiya ya Brahmo waliufuata, ukaitwa sari ya Brahmika. Wa pili ni mchoraji Raja Ravi Varma (1848–1906). Mwaka 1889 alichora kundi la wanamuziki wa kike kumi na mmoja, kila mmoja katika vazi la eneo lake. Picha hiyo ni kama atlasi ya lahaja kwa rangi ya mafuta. Lakini mwaka 1894 alianzisha kiwanda cha kuchapa picha, na picha za bei nafuu za Lakshmi na Saraswati zilizosambaa majumbani ziliwaonesha miungu hao wa kike wakiwa wamevaa sari kwa namna inayokaribiana. Mchoraji aliyerekodi tofauti ndiye pia aliyesaidia kuzifuta.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kusoma historia hii bila kukumbuka mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulioichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930. Ulinganisho huu una mipaka: Nivi haikuteuliwa na kamati yoyote. Hata hivyo matokeo yanafanana. Mtindo sanifu ulimwezesha mwanamke wa Bengal, wa Punjab na wa Kerala kuonekana raia wa nchi moja bila kutaja tabaka lake kwanza, na hilo, tukikumbuka Travancore, si jambo dogo. Wakati huohuo mitindo mingine ilianza kuitwa "ya jadi", neno ambalo mara nyingi huwa hatua ya kwanza ya kukiweka kitu kabatini. Nauvari na madisari leo huonekana zaidi arusini, katika ibada na jukwaani. Ndivyo ilivyotokea kwa Kimvita na Kiamu: havikufa, lakini mwanafunzi aliyevitumia katika insha alikatwa alama.

Kitabu cha Mukulika Banerjee na Daniel Miller kuhusu sari (2003) kina sifa ya pekee hapa, kwa kuwa waandishi waliwasikiliza wavaaji. Wanaonesha jinsi palu inavyotumika kufuta jasho, kushika sufuria ya moto, kumfunika mtoto anaponyonya, kusitiri uso mbele ya mkwe. Upungufu ninaouona ni kwamba sari wanayoishughulikia zaidi ni ile ya Nivi, hivyo msomaji anaweza kudhani kwamba mambo yote ya palu yanapatikana kwa namna hiyohiyo katika kila mtindo. Palu ya Gujarat iliyotandazwa kifuani haifanyi kazi zote za palu inayoning'inia mgongoni.

Kuna pia usomaji mwingine unaostahili kupingwa, unaodai kwamba nguo isiyoshonwa ni ya Wahindu na ya kushonwa ni ya Waislamu, hivyo sari ni alama ya dini moja. Ni kweli kwamba katika ibada za Kihindu nguo isiyokatwa hupewa hadhi ya usafi. Lakini sari mashuhuri za Varanasi zimefumwa kwa vizazi na wafumaji ambao wengi wao ni Waislamu, na ufumaji wa jamdani wa Bangladesh, nchi ya Waislamu wengi, uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2013. Anayeifunga na aliyeifuma hawakuwa na haja ya kuabudu mahali pamoja.

6.0 Draupadi na Dopdi: Kuzongolewa na Kukataa Kujifunga

Turudi sasa kwenye swali la mwanafunzi. Katika Sabhaparva, sehemu ya pili ya Mahabharata, Draupadi anaelezwa kuwa katika siku zake za hedhi na amejifunga nguo moja tu. Hali hiyo ndiyo iliyomfanya asistahili kuletwa mbele ya wanaume. Dushasana anaivuta nguo ile, na kila inapovutwa nguo nyingine huonekana, mpaka mvutaji anachoka na kuketi kwa fedheha. Katika masimulizi yaliyoenea, Krishna ndiye anayeurefusha mji wa nguo hiyo. Sidai kwamba vazi la zama zile lilikuwa sari kama tuijuavyo. Lakini lilikuwa nguo iliyofungwa, na mantiki ya tukio inategemea hilo.

Jina maarufu la tukio hilo nchini India ni vastraharan. Vastra ni nguo. Haran ni kunyakua, kupokonya. Katika jina hilo hakuna kuvua. Kuna unyang'anyi. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili ana maamuzi mawili ya kufanya. Kwa jina la tukio, "kupokonywa nguo" ni sahihi zaidi kuliko "kuvuliwa nguo", kwa kuwa kuvuliwa kunaweza kufanywa na mama kwa mwanawe au na muuguzi kwa mgonjwa, ilhali kupokonywa hakuna hali ya kheri. Kwa maelezo ya tendo lenyewe, kitenzi ni zongoa: "Dushasana aliizongoa, nayo haikwisha kuzongoka." Sentensi hii inawezekana kwa sababu zongoa hutaja njia bila kuahidi mwisho. Sentensi "alimvua, naye hakuvuka" haisimami, kwa sababu vua imekwisha kutangaza matokeo. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa mwanafunzi yule.

Mahasweta Devi aliichukua hadithi hii na kuigeuza. Katika hadithi yake ya Kibengali iliyochapishwa mwaka 1978, ambayo nimeisoma kwa tafsiri ya Kiingereza ya Gayatri Spivak ya mwaka 1981, Draupadi ni mwanamke wa Kisanthal, mpiganaji anayewindwa na jeshi, na kwa matamshi ya watu wake anaitwa Dopdi. Anakamatwa. Kwa amri ya ofisa Senanayak anabakwa usiku kucha na askari. Asubuhi anapewa nguo yake ajifunge apelekwe mbele ya ofisa. Anakataa. Anaichana nguo kwa meno na kumwendea Senanayak akiwa uchi, naye ofisa, kwa mara ya kwanza, anamwogopa mtu asiye na silaha.

Wahakiki wamelijadili sana suala la uchi katika hadithi hii. Ninachopenda kuongeza ni suala la nguo. Katika utendi, nguo isiyokwisha ndiyo wokovu, nao unatoka kwa mungu wa kiume. Katika hadithi, hakuna Krishna, na nguo imekuwa chombo cha askari: wao ndio waliomvua, na sasa wao ndio wanaotaka ajifunge ili ofisa asiaibike. Amri ya kujifunga ni mwendelezo wa kosa la usiku. Kiambishi rejeshi -ji- kinatusaidia kulisema hili kwa usahihi. Kujifunga ni tendo ambalo mtenda na mtendwa ni mtu mmoja. Likiamrishwa na mwingine, -ji- inabaki katika umbo lakini imekwisha kuporwa maana yake. Dopdi anakataa kuwa mtenda wa uongo katika sentensi iliyotungwa na Senanayak. Kuichana nguo kuna uzito pia: nguo isiyoshonwa, ambayo utendi uliifanya isiwe na mwisho, hapa inapewa mwisho na meno ya mwenyewe.

Kiswahili kina msemo unaoangaza jambo hili kwa upande wa pili. Mwanamke anayejiandaa kwa kazi au mapambano husemwa amejifunga kibwebwe. Wanawake wa India hufanya tendo hilohilo kwa palu: huikaza kiunoni kabla ya kushika jembe au kuanza ugomvi. Katika lugha zetu, kujifunga ni kujitayarisha. Ndiyo maana kukataa kwa Dopdi kunashtua. Yeye ni tayari bila kibwebwe.

7.0 Sari Iliyoshonwa Tayari

Pingamizi moja linaweza kutolewa. Leo zinauzwa sari zilizokwisha kushonwa marinda, zenye zipu au kulabu, ambazo mtu huziingia kama sketi na kutupa ncha begani. Je, hoja yangu kwamba sari ni tendo haijapitwa na wakati?

Siwalaumu wanaozivaa. Binti anayewahi treni asubuhi mjini Mumbai ana haki ya kuokoa dakika zake, na mgonjwa wa viungo ana haki zaidi. Lakini pingamizi lenyewe linathibitisha hoja. Sari iliyoshonwa inaweza kuvaliwa na kuvuliwa. Kwa mara ya kwanza kitenzi vaa kinaitosha. Kilichopungua ni uwezo wa kubadili. Sari ya meta tano na nusu asubuhi yaweza kufungwa kwa ofisi, jioni kwa jikoni, kesho kwa ndugu aliye mnene au mwembamba zaidi, na mwakani ikawa bembea ya mtoto. Iliyoshonwa imefungwa mara moja na fundi kwa niaba ya wote. Fundi huyo amechagua Nivi. Usanifishaji ulioanza kwa picha za Ravi Varma umekamilika kwa zipu.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonesha kwamba sanaa ya sari hukaa katika ufungaji. Bega la Iyer na la Iyengar, sharti la Travancore, uteuzi wa Nivi, mizunguko ya Draupadi na meno ya Dopdi vinaonesha kwamba nguo ileile hubadilika maana kwa kadiri inavyofungwa, inavyokatazwa kufungwa, au inavyokataliwa na mwenyewe.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, watunga kamusi waongeze katika fasili ya sari kwamba ni nguo ndefu isiyoshonwa inayofungwa kiunoni na kutupwa begani, na waoneshe matumizi ya "kufunga sari" kando ya "kuvaa sari". Pili, wafasiri wa fasihi za Asia Kusini wachague kati ya vua, fungua, kunjua na zongoa kwa kuzingatia namna vazi lilivyofungwa katika matini chanzi. Tatu, wanafunzi wa isimu wakusanye msamiati wa nguo isiyoshonwa wa Kiswahili chenyewe. Maneno kama uwinda, kibindo na kibwebwe yanazidi kuwa mageni kwa wanafunzi ninaowafundisha, kwa kuwa nao, kama wengi wetu, wamevalishwa nguo za kushonwa tangu shule ya chekechea. Mwanafunzi aliyeniuliza kuhusu muujiza alilijua neno zongoa. Alilisikia kwa bibi yake, akilizungumzia kuhusu ukambaa wa kufungia mzigo. Hakudhani kwamba linafaa kuandikwa katika mtihani.